Shibiti ya Agatha Dirishani kwa Kinyozi

Agatha Dueck alikuwa amelima maisha yake yote, na hilo ndilo lililomponza. Alihamia jengo letu hapa Winnipeg, Kanada, mwezi wa kumi, baada ya kuuza shamba alilolima na marehemu mumewe miaka arobaini na mitatu. Alikuja na masanduku sita na bahasha ya mbegu za shibiti, yale majani membamba kama nyuzi ambayo watu wa kwao hawapiki supu bila hayo. Mimi nakaa mlango unaotazamana na wake, ghorofa ya nne.

Alipanda mbegu kwenye makopo ya kahawa, akayapanga dirishani, na kila asubuhi akayanywesha kwelikweli, kama mtu aliyezoea ardhi yenye kiu. Miche ikaota, ikarefuka haraka, myembamba, imepauka, kisha yote ikalala. Akapanda tena. Ikalala tena.

"Mbegu mbovu," aliniambia.

Mara ya tatu ilipolala, alishuka nayo. Siku hiyo nilikuwa ghorofa ya chini, nanyolewa kwa Crisanto Magpantay, Mfilipino wa makamo asiyeishiwa utani. Dirisha la duka lake linatazama kusini, nalo limejaa vyungu vya rehani na nanaa. Agatha akaingia na kopo lililofunikwa gazeti, akasimama akiitazama ile rehani.

"Karibu, mama. Leo tunapunguza ndevu?"

"Punguza maneno. Wewe umelima wapi?"

"Mimi? Jembe sijawahi kulishika. Nimezaliwa Manila, ghorofa ya saba. Hebu nione unachoficha."

Alifunua kwa shingo upande. Crisanto akaweka mkasi chini, akazamisha kidole udongoni, akakitoa kikidondoka maji. Akainua kopo, akachungulia chini yake.

"Mama, hili halina tundu."

"Umeona wapi kopo la kahawa lina tundu?"

"Basi unawazamisha watoto. Dirisha lako linatazama wapi?"

"Kaskazini."

"Loo! Huku jua hupita kusini. Kwenye giza hilo hata mimi ningelala."

Tulicheka, isipokuwa Agatha. "Nimelima ekari mia sita, bwana wee," alisema. "Usinifundishe maji." Akatoka, kopo akaliacha pale pale.

Crisanto alimaliza kichwa changu. Jumatatu, siku ambayo hafungui duka, nilimsikia akibisha mlango wa Agatha. Alikuwa amekumbatia chungu kirefu chenye matundu.

"Mama, utani wangu ulizidi, nisamehe. Shibiti inataka kina, ndiyo maana nimeleta hiki. Lakini na mimi imenishinda mara mbili. Wewe unazijua mbegu, mimi nalijua dirisha. Tusaidiane."

"Ingia," akasema Agatha. "Viatu vua."

Wakapanda mbegu kwenye kile chungu, wakakiweka dirishani dukani, na majira yale yote ya baridi Agatha alishuka huko saa nne asubuhi. Kabla ya salamu alitia kidole udongoni; kama chini kuna unyevu, hamwagilii. Aligeuza vyungu kidogo kila siku miche isiinamie upande mmoja, akavisogeza mbali na kioo baridi ilipokuwa kali. Nywele zilizoangukia majani alizipangusa kwa brashi.

"Kinyozi, umepata bosi?" wateja walimtania.

"Bosi ana nafuu. Huyu ni mkaguzi!"

Asubuhi moja, nikisubiri zamu yangu, Agatha aliniambia kwamba siku ya kuuza shamba hakutoa chozi, na watu walimsifu. Lakini miche ile ya kwanza ilipolala alikaa sakafuni jikoni akalia.

"Si kwa ajili ya majani. Nilijiuliza, kama hata hili siliwezi, mimi ni nani sasa?"

Kisha akageuza chungu, akaendelea na kazi.

Mwezi wa tatu shibiti ilifika urefu wa shubiri. Agatha alikata ncha, akapika supu ya viazi, soseji na maziwa mgando, akaileta dukani. Akaonja kwanza yeye.

"Harufu ni nusu tu."

Crisanto akalamba kijiko. "Nusu ya nini? Mimi hiyo nzima siijui."

Agatha alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kiti cha kunyolea.

Kiangazi, walionunua shamba walimwalika kuliona. Alikwenda siku moja, akarudi na udongo kwenye kucha. Kesho yake saa nne alikuwa dukani, akikata vichwa vya rehani na kumgombeza Crisanto kwa kuviacha vikachanua.