Hajra Alipanda Maua

Katika daftari langu imeandikwa: "12 Januari 2019. Bi Hajra amepanda bogenvilia tisa, hatua tatu ndani ya eneo lake." Niliandika hivyo kwa sababu siku ile nilimcheka, nikamwuliza kwa nini anajipunja ardhi mpakani mwetu.

"Ina miiba hii, mtani wangu," alinijibu. "Watoto wako wanapita hapa. Au ninyi Wamakua ngozi zenu hazichomeki?"

Hajra ni Mmwera wa hapahapa kata ya Mandawa, mjane, mkulima wa ufuta na korosho. Vijiti alivipata Nachingwea, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akipunguza yake. Alivikata mshazari, akaondoa majani, akavimwagilia maji ya kuoshea vyombo hadi vikachipua. Baada ya hapo hakuvidekeza tena. Mwezi wa kumi, kila kitu kimekauka, maua yale huwa mekundu mpaka bodaboda wanawaelekeza wageni kwayo.

Mwaka juzi walikuja wapimaji wa hati za ardhi. Hajra alikuwa Ruangwa, anamuuguza binti yake. Kasmiri, mjumbe wa kamati ya kijiji, akaniuliza, "Mpaka wenu ni huu ua?"

Nilijua kwamba pale hapana ua. Pana maua. Nikasema, "Ndiyo, ndio huo."

Ukurasa wa siku hiyo katika daftari ni mtupu.

Hati zilipotoka, Hajra alikuja na yake barazani kwangu, kwa kuwa hajui kusoma. Alikuwa na furaha. "Nisomee, mtani. Upande wa maua ni upi?"

Nikaweka kidole kwenye mchoro.

"Na zile hatua zangu tatu?"

Niliingia ndani, nikatoa daftari, nikamsomea mstari ule wa Januari. Kisha nikamweleza nilichomjibu Kasmiri.

Aliikunja hati yake polepole.

"Mimi nilipanda maua, Ignasi," akasema. "Ua umeujenga wewe."

Jumatatu nilipeleka daftari ofisi ya kijiji. Hati zilirekebishwa baada ya miezi minne. Hajra akaweka dole gumba, nami nikasaini. Hatua zake tatu zimerudi. Watoto wangu bado wanapita palepale, hajawazuia, na miiba ya upande wao anaikata yeye mwenyewe.

Ila mimi mpaka leo ananiita Ignasi.