Mgeni wa Chumba Namba Tatu

Siku Liong-hui alipomwona Siu-bok kwa mara ya kwanza, Siu-bok alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kiwanda cha skrubu pale Gangshan, anakula wali wa boksi huku uso ameuelekeza ukutani. Liong-hui alikuwa mgeni kazini, na kwenye bwalo la chakula hakuna aliyemsogezea kiti. Akatafuta ndoo nyingine, akaipindua, akakaa hatua mbili kutoka pale. Hawakusalimiana. Kesho yake wakakaa vilevile, na ikawa hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Kidogo kidogo alimjua. Kazi ya Siu-bok ilikuwa kukagua skrubu. Alichota kiganja kimoja kutoka kila sanduku, akazitazama moja moja chini ya taa, zilizopinda akazitupa. Hakuoa. Aliwatunza baba na mama waliomlea mpaka akawazika wote wawili, kisha akabaki na redio yao. Kila mwaka kiwanda kilipowapeleka wafanyakazi matembezi ya siku mbili, yeye alisema tumbo linamsumbua.

Mwaka aliofikisha miaka sitini na minne, ikiwa bado miezi miwili astaafu, ikatangazwa safari ya kisiwa cha Liuqiu. Siu-bok akawa wa kwanza kuandika jina. Tena akampelekea Bi-hong wa ofisini namba ya simu ya nyumba ya kulala wageni.

Kwenye gati la Donggang, Bi-hong alisoma vyumba kwa sauti.

"Liong-hui na mzee Siu-bok, chumba namba tatu! Bubu na bubu. Humo hata panya atalala usingizi wa pono."

"Dada, wape kengele, wakitaka chumvi waigonge!" akadakia fundi mmoja wa mashine.

Watu wakacheka. Liong-hui naye akacheka, ili yaishe.

Boti ilipoanza kuyumba, Siu-bok akamwinamia sikioni.

"Ile nyumba tunayokwenda kulala, mimi nilizaliwa mle."

Liong-hui akageuka kumtazama.

"Tulikuwa wavulana wanne, na mwaka ule chakula kilikuwa hakipatikani. Nikiwa na miaka sita nikatolewa kwa watu wa Gangshan wasio na mtoto. Toka siku hiyo sijarudi. Mama aliyenizaa alifariki Desemba. Muuza samaki mmoja wa sokoni ndiye aliyeniambia. Nataka nimwashie kijiti cha udi. Kimoja tu."

"Si umwashie, mzee?"

"Mtoto aliyetolewa ana wafu wa nyumba nyingine. Madhabahu ile si yangu tena, lazima kaka mkubwa aniruhusu. Na mimi nikifungua mdomo mbele yake nitalia. Nisemee wewe. Kesho asubuhi, kabla hatujaondoka. Mwambie tu mimi ni nani."

Liong-hui, mtu ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani kulimchukua nusu saa, akasikia ulimi wake ukisema, "Sawa."

Mwenye nyumba aliwapokea mlangoni. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, Bwana Tsai, na masikio yake yalikuwa masikio ya Siu-bok kabisa.

"Karibuni, karibuni! Viatu hapo. Taulo ziko kitandani. Mchanga uacheni baharini!"

Siu-bok akainama, akavua viatu kama mgeni mwingine yeyote. Sebuleni, mkabala na mlango, palikuwa na madhabahu ya ukoo, na juu yake picha ya bibi kizee aliyekunja midomo. Mchana ule wenzao walikwenda kuogelea na kasa, jioni wakachoma ngisi na kunywa bia. Siu-bok alishinda akipita sebuleni kwenda kuchota maji ya kunywa. Alichota mara tano, na hakunywa hata glasi moja.

Asubuhi Bwana Tsai alichomeka vijiti vyake vitatu vya udi, akanawa, akaja kupakua uji wa mchele na figili za chumvi. Siu-bok hakula. Alikuwa amemkazia macho Liong-hui.

Liong-hui akasimama. "Bwana Tsai."

"Naam, mgeni wangu?"

"Loo! Bubu kasema!" akapiga kelele yule fundi, na meza nzima ikageuka.

Masikio ya Liong-hui yakawaka moto. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu jana yakampotea yote.

"Naomba... uji kidogo."

"Uji tu? Kula, kula, upo tele!" Bwana Tsai akamjazia bakuli hadi ukingoni. Liong-hui akaumaliza, maana hakujua afanye nini kingine, na muda wote ule hakuthubutu kuinua uso.

Boti ya kurudi iliondoka na kiti kimoja kitupu, kando ya Liong-hui. Bi-hong alihesabu watu mara tatu huku akifoka.

Wiki iliyofuata Siu-bok alipiga simu ofisini kuomba aongezewe likizo, halafu akastaafia hukohuko. Bi-hong alisimulia kwamba walipokuwa wakizungumza, nyuma ya Siu-bok sauti ya mwanamke iliita, "Shemeji, acha hiyo simu, samaki anapoa!" Udi, basi, alikwisha kuuwasha. Liong-hui alifurahi. Alifurahi kweli. Lakini siku hizi anakula upesi upesi na kurudi kazini kabla ya kengele. Namba ya nyumba ile anayo, ila hajaipiga. Angesema nini?

Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa Siu-bok ni yale ya asubuhi ile kwenye gati la kisiwani, foleni ya boti ilipokuwa imeanza kusogea. Liong-hui alikuwa amemshika mkono wa shati, anajaribu kumwomba radhi, na hata radhi yenyewe haikutoka. Siu-bok akauondoa mkono wa mwenzake taratibu, akamsukuma kidogo begani.

"Panda boti, Liong-hui. Ni mama yangu huyu. Nitasema mwenyewe."