Nibu Iliyokatwa Mshazari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi Makiso mjini nikiwa nimeifunga kalamu ya marehemu papa, baba yangu, kwenye pindo la kitenge. Wakati huo nilikuwa mama kijana, mwenye haraka na mwenye kujua yote. Nilitaka nibu yake ya dhahabu ing'olewe niipeleke kwa wanunuzi wa dhahabu, wao waiyeyushe. Ilinikera. Kila nilipojaribu kuandika nayo ilikwaruza karatasi, na ukiitazama vizuri, ncha yake ilikuwa imekwenda upande. Nikasema imeharibika, na kilichoharibika kina faida gani?

Papa alikuwa karani wa parokia kule Yanonge. Ndiye aliyeandika majina ya waliobatizwa, miaka nenda miaka rudi, na sisi watoto hatukuwahi kumwona akiandika. Alifunga mlango kwanza. Tulidhani ni maringo ya wasomi. Kalamu hiyo ndiyo kitu pekee nilichorithi kwake, na mimi huyo naipeleka motoni.

Fundi wa saa, mzee tuliyemwita Tonton, ndiye aliyejua kuchomoa nibu bila kuvunja kalamu. Hakuichomoa. Aliisafisha kwa maji ya uvuguvugu, akabana kioo chake cha kazi jichoni, akaigeuzageuza hata nikachoka kusimama. Kisha akanipa kioo nitazame mwenyewe. Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Kitu kidogo vile kilikuwa na nakshi pembeni, alama ya karati, tundu lenye umbo la moyo, na nchani chembe nyeupe ambayo Tonton alisema si dhahabu hata kidogo, ni madini magumu zaidi, maana dhahabu peke yake ingelika kwa karatasi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na chembe hiyo ilikatwa mshazari, safi kabisa.

"Haikuharibika, mwana yangu," akasema. "Ya namna hii ni ya kutafuta sana. Walikata vile juu ya mutu wa mukono ya kushoto. Na angalia, imelika upande moja tu. Papa yako alikuwa anaandika na kushoto."

Nilitaka kubisha. Kwetu, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau. Papa alikula kwa kulia, akasalimia kwa kulia. Lakini Tonton hakuwahi kumwona papa, wala hakuwahi kufika Yanonge. Alimsoma ndani ya chembe isiyozidi punje ya chumvi. Ndipo nikauelewa ule mlango. Majina ya ubatizo ya kijiji kizima yaliandikwa na mkono ambao kijiji kingeuonea kinyaa. Nikalia palepale mbele ya wateja wake.

Tonton akaitia wino, akaniwekea kalamu katika mkono wa kushoto. Herufi zangu zilikuwa mbaya, lakini nibu haikukwaruza.

Sijakuambia kwa nini nililia sana. Asubuhi ile, kabla ya kutoka, nilikuwa nimemfunga binti yangu, dada yako, mkono wa kushoto kwa kitambaa, kama kila siku, ili ajifunze kuandika kwa wa kulia. Nilirudi na kalamu nzima, nikamfungua. Akanipa mkono, ule ule, akaniuliza kama nimemaliza kukasirika.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikuta kitu kimekwenda upande, usikimbilie kukinyoosha wala kukiyeyusha. Kuuliza si ujinga. Uliza kwanza kilitengenezewa mkono gani, na umpelekee anayejua kutazama. Na ukijaliwa mtoto wa mkono huo, mpe kalamu, aandike mlango ukiwa wazi. Mungu aibariki mikono yako yote miwili, mwanangu, na kila atakayekuhukumu ampe kwanza subira ya kukutazama.