Timu Si Friji

Tuliingia kwenye besiboli kwa ajili ya kuku. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wenzangu wanaosimulia siku hizi kana kwamba tulivutwa na kipaji.

Nilikuwa Riyadh, mtu wa Mombasa, nikifanya kazi katika kampuni iliyokuwa ikipeleka wapishi, wafuaji na wafagiaji kwenye hospitali moja ya binafsi. Kazi yangu ilikuwa kugawa mashuka. Nilikaa nyuma ya kidirisha, wauguzi wakaniletea machafu, nikawapa masafi, na siku ikaisha hivyo. Wauguzi wengi walikuwa Wafilipino, na mkuu wao wa wodi ya wazazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha watoto wa wodi nzima, ndiye aliyeendesha ligi ya wanawake ya besiboli kila Ijumaa. Ligi ilikuwa na ngazi mbili, ya juu na ya chini. Msimu ule timu moja ya chini ilijitoa, zikabaki tano, na kila wiki moja ikawa inakaa kitako ikitazama wenzake wakicheza.

Muuguzi mkuu akaja mezani kwetu kwenye ukumbi wa chakula, akatuuliza kama Waafrika tunajua mchezo ule. Tulitazamana. Mpishi wetu wa zamu, mama wa Kakamega mwenye mabega ya mpakuzi wa bandarini, akamwuliza kama kuna chakula. Muuguzi akasema kila timu hupewa kuku wa kuchoma na wali baada ya mchezo.

"Basi tunajua," mpishi akasema.

Hivyo ndivyo alivyokuwa nahodha.

Kiwanja kilikuwa cha changarawe, pembeni mwa mji, kimezungushiwa ukuta, na upepo ukivuma vumbi lilijaa mdomoni. Mechi ya kwanza tulipigwa vibaya. Mmoja wetu aliugonga mpira kwa bahati, akafurahi mno, akakimbia na gongo mkononi kuelekea upande usio wake. Mwingine aliudaka, akakataa kumrushia mtu yeyote, akisema ameupata kwa shida. Mwamuzi, mzee wa Kifilipino aliyekuwa fundi wa mashine za eksirei, alijaribu kutufundisha huku mchezo unaendelea, mwishowe akanyamaza. Kuku tulimmaliza.

Wiki zilizofuata hazikuwa na tofauti kubwa. Timu nyingine zilitupenda sana. Ukicheza nasi ulikuwa na uhakika wa kurudi bwenini na furaha.

Kilichobadilisha mambo ni mfuaji mmoja, Mzanzibari mkimya, aliyekuja siku moja kuziba pengo la mwenzetu aliyekuwa zamu. Hakutaka kuja. Alishuka kwenye basi, akakusanya pindo la baibui lake akalifunga kiunoni juu ya suruali, akauliza afanye nini. Nahodha akamweleza kwamba arushe mpira upite mbele ya yule mwenye gongo, na mwenye gongo asiupate.

"Nisimpige yeye?"

"Usimpige."

"Basi kazi nyepesi hiyo. Sie kwetu tukirusha ili tumpige."

Alikuwa anazungumzia nage, mchezo wa wasichana wa Unguja. Bara wanauita rede, na Kenya tunauita kati: wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anakwepa. Kumbe yule dada utotoni alikuwa tishio la mtaa. Siku ile wapigaji walikuja mmoja baada ya mwingine, wakapunga hewa, wakarudi kukaa. Tukashinda kwa mara ya kwanza, na hatukujua tushangilie vipi, tukamtazama mwamuzi atuelekeze.

Dada huyu alikuwa na tabia moja. Kabla ya kurusha, midomo yake ilicheza, akinong'ona. Wapinzani walianza kuhangaika. Nilipomuuliza, akaniambia alikuwa anahesabu viungo vya pilau, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu, kwa sababu akimtazama mpigaji usoni humwonea huruma. Muuguzi mkuu naye alinivuta pembeni kuniuliza yule mwenzetu ananuiza nini. Nikamjibu, kwa uso wa msiba, kwamba ni jambo la zamani sana kule Unguja, na si vizuri kulitaja ovyo. Sikusema uongo. Pilau ni ya zamani. Tangu siku ile wapigaji wakawa wanakuja mbele yake wamekwisha kushindwa.

Nahodha naye akavumbua kwamba gongo halina tofauti na mwiko wa kusongea ugali wa watu wengi, nguvu yake hutoka kiunoni. Mipira yake ilivuka ukuta. Tukaanza kushinda mfululizo, na tukawa tunasahau kuuliza chakula kimefika au la.

Bosi, mwenye kampuni, aligundua habari za timu kwa kuchelewa. Alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye tasbihi isiyotoka mkononi, naye aliamini kwamba basi lake linatupeleka sokoni. Mkurugenzi wa hospitali ndiye aliyempongeza kwa timu yake, akaitika kana kwamba anajua. Ijumaa iliyofuata tukamwona anashuka garini na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa. Sheria za mchezo hakuzijua wala hakutaka kuzijua. Mpira ukienda juu alipiga makofi, ukienda chini alipiga makofi. Akatuletea jezi na bango, vyote vikiwa na jina la kampuni yake. Tuliposhika nafasi ya kwanza na kupandishwa ngazi ya juu, alituagizia masinia ya mandi, ule wali wao wa nyama, akawaalika wauguzi wote.

Tukiwa tumezunguka masinia, akasimama kutoa tangazo. Kampuni imeachana na hospitali ile. Imepata kazi nyingine, Jeddah. Wapishi na wafuaji watahamia huko, na kwa kuwa wao ndio timu, timu nayo inahamia Jeddah. Huko kuna ligi pia, amekwisha kuulizia, nafasi ipo ngazi ya chini.

"Halas," akamaliza, akakaa, akaendelea na nyama.

Muuguzi mkuu aliweka kijiko chini. Yeye ndiye aliyetufundisha kuvaa glavu. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea barafu tulipoumia. Sasa tumepanda, na pengo lile lile alilotuitia kuliziba tulikuwa tunamfungulia kwenye ngazi ya juu.

"Timu si friji," alimwambia kwa Kiarabu chake cha wodini. "Huwezi kuichomoa hapa ukaichomeka kule."

Bosi alicheka, nadhani alidhani ni sifa. Muuguzi hakucheka. Aliinuka akanawa mikono, akaondoka bila kutuaga, nasi tukabaki na mandi iliyokuwa imepoteza ladha ghafla.

Mimi nilikuwa na msiba wangu wa pili. Jeddah tayari ilikuwa na mgawa mashuka. Nilikuwa nibaki Riyadh, nihamishiwe ghala la kampuni, peke yangu na maboksi ya sabuni. Rafiki zangu wote walikuwa wanaondoka, kwenda kwenye mji wa bahari, na mimi ngozi yangu ya Mombasa ilikuwa imepasuka kwa ukavu wa Riyadh tangu mwezi wa kwanza. Sikumwambia mtu, lakini nahodha aliniona nimelia.

Kesho yake akanishika mkono kunipeleka ofisini kwa bosi. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni tu, cha vitunguu na chumvi, na mimi niliyetoka madrasa ndimi niliyekuwa mkalimani wa timu.

"Mwambie huyu ndiye moyo wa timu," akasema.

"Huyu nani?"

"Wewe. Tafsiri."

Nikatafsiri, macho yangu kwenye zulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa mchezaji mbovu kuliko wote. Niliwekwa kule mwisho wa kiwanja ambako mipira haikufika, na ilipofika niliisindikiza kwa macho. Bosi akauliza kwa nini hajawahi kuniona nikiugonga mpira. Swali la haki kabisa. Nikamtafsiria nahodha.

"Mwambie unawekwa akiba," nahodha akasema bila kupepesa.

Nikamwambia bosi kwamba ninawekwa akiba. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshirikishwa siri ya vita, na kabla hatujatoka alikuwa amekwisha kupiga simu Jeddah kunitafutia kazi ya kukunja taulo.

Tukavuka jangwa kwa basi. Mlango ulipofunguliwa Jeddah, hewa nzito yenye chumvi ilinikumba usoni, miwani yangu ikafunikwa na ukungu, na Mzanzibari kando yangu akashusha pumzi akasema, "Afadhali." Tulipangishiwa nyumba mtaa wa Bani Malik, jengo la zamani lenye ngazi nyembamba, Waethiopia juu yetu na Wapakistani chini, na ndani ya siku chache visigino vyangu vilikuwa vimepona.

Furaha yangu ilikuwa na doa moja. Bosi alikuwa anaueleza mji mzima habari za akiba. Kila mechi alileta wageni, akawaonyesha kwa kidole kule nilikosimama mbali, akawaambia wasubiri. Wageni walisubiri. Wapinzani nao wakasikia, na nilipokuja na gongo, warushaji wao walinirushia kwa heshima ya kutisha. Nilikosa mipira yote. Bosi akawaeleza wageni kwamba bado si wakati. Mimi usingizi ulianza kunipotea, maana nilijua siku moja mtu anayeujua mchezo atamnong'oneza.

Wakati ulifika mwisho wa msimu, mechi ya kuamua nani apande. Tulikuwa sawa kwa sawa katika duru ya mwisho, wenzangu wamejaa vituo vyote vitatu vya kukimbilia, na zamu ya kupiga ikawa yangu. Nyuma ya wavu nilimsikia bosi akisema kwa sauti kwamba sasa, sasa ndiyo. Nahodha alinijia, akajifanya ananifunga kofia vizuri.

"Usipige," akaninong'oneza. "Vituo vimejaa. Mpira ukikugusa wewe, wanasogea wote, yule wa kituo cha tatu anafika nyumbani, bao. Tunashinda."

"Unataka nipigwe?"

"Nataka usikwepe. Unakwepa kama kuku kila siku."

Ni kweli, nilikuwa nakwepa. Miaka ya kucheza kati haimtoki mtu mwilini. Nikasimama nimeganda, nikafumba macho, nikaanza kusoma kila dua niliyoijua. Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukanipata kwenye paja, nikaona nyota, nikakaa chini. Mwamuzi wa Jeddah, Mfilipino kijana mwenye sura kali, akaja akaniinamia. Sheria inamtaka mpigaji ajaribu kukwepa, akaniambia. Je, nilijaribu?

Nilimtazama nahodha. Nahodha alikuwa anatazama mawingu.

"Niliogopa nikaganda," nikasema, na hakuna neno la kweli kuliko hilo nililowahi kumwambia mtu mwenye filimbi.

Alifikiri. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kituo cha kwanza. Nikachechemea kwenda huko, wenzangu wakasogea, wa tatu akakanyaga nyumbani, na bosi akaangusha kahawa yake. Aliwaambia wageni kwamba ndiyo maana ya akiba, mtu anayeshinda mechi bila hata kuinua gongo. Hadi leo anaamini.

Jioni ile nahodha alimpigia simu muuguzi mkuu wa Riyadh. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya mandi. Alianza kwa kuomba radhi kwa jinsi tulivyoondoka, kisha akampa habari za ushindi. Muuguzi akauliza nani aliyeleta ushindi. Nahodha akamtaja mgawa mashuka.

"Yule?" tukamsikia akisema kwenye spika. "Yule?"

Halafu akacheka hadi simu ikawa inakwaruza, na tukajua kwamba amani imerudi. Alituambia pengo letu limezibwa na Waganda, na kwamba hawali sana kama sisi.

Bosi alikaa Jeddah msimu mwingine mmoja. Kisha akatuita, uso umekunjuka kwa furaha, akatangaza kwamba amepata kazi Dammam na timu ijiandae. Safari hii tulikuwa tumekwisha kuzungumza wenyewe. Wakati ule nusu ya timu hawakuwa watu wake tena: kulikuwa na Wakenya wafanyakazi wa ndani waliopata ruhusa ya Ijumaa, Mtanzania mmoja mhasibu, na dada wawili wa mtaa wa Kandara, pale pale Jeddah, wenye duka la kusuka nywele. Nikawa mkalimani tena. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba wafanyakazi wake watakwenda anakowapeleka, ikama zao, vibali vya kuishi, ziko kwake, lakini timu haiendi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kupata kazi ya mapokezi kwenye zahanati, na kafili mwingine wa kunidhamini. Jina ni lake, bango ni lake, jezi ni zake, akitaka avichukue.

Aliumia. Niliona, na sikufurahi. Alikaa akizungusha tasbihi, kisha akauliza kama Dammam atapata wengine. Nahodha, aliyekuwa anakwenda naye, akamjibu kwa Kiarabu chake cha vitunguu kwamba atampikia timu mpya. Bosi akachukua jina, bango na jezi, vikapakiwa kwenye gari pamoja na masufuria.

Tulibaki bila nguo. Dada wa Kandara wakatupatia bei nzuri kwa mwenye duka jirani, jezi za mpira wa miguu zilizokosa mnunuzi, za rangi ya machungwa, zote zimekwisha kuchapishwa namba tisa mgongoni. Mwamuzi mwenye sura kali alikuja na karatasi yake ya kuandikia namba za wachezaji Ijumaa ya kwanza, akatutazama tumejipanga mstari, akaifunga kalamu yake, akaanza kutuuliza majina ya mama zetu, apate cha kututofautisha.