Chunjua Chini ya Ringi

Chunjua zangu zilianza na moja, kwenye kidole cha shahada, nikiwa kidato cha pili katika shule ya bweni karibu na Bungoma. Nikaing'ata. Muhula haukuisha kabla mkono wote wa kulia haujajaa vinundu vigumu, kama mtama ulionata.

Bwenini walisema nimeshika chura. Mwalimu wa bayolojia akaeleza kwamba chura hana hatia: ni virusi vinavyoingia ngozi ikikwaruzika, na mara nyingi chunjua hupotea zenyewe. Wenzangu walisikia neno moja tu, virusi. Tangu siku hiyo hakuna msichana aliyenipa mkono, na kwetu huku kumsalimia mtu bila kumpa mkono ni sawa na kumfukuza.

Mimi si mtu wa kusema sana. Nilitaka kitu kimoja, kucheza netiboli. Lakini nikirusha mpira, mwenzangu anaudaka kwa sweta, au anauacha utoke nje. Mwishowe kapteni wetu, msichana wa Malakisi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akatoa amri.

"Wewe kaa chini ya ringi. Ukipewa mpira usiturudishie. Tupa ndani tu!"

"Na nikikosa?"

"Si ukose uone!"

Likizo ile, nyumbani Kiminini, nilipigilia rimu ya baiskeli kwenye mti wa bulugamu nyuma ya zizi. Nikatupa, nikaokota, nikatupa. Sikuhitaji mtu wa kunirudishia.

"Ati huo mti umekukosea nini?" mama akauliza.

Muhula uliofuata nilikuwa sikosi. Tukafika fainali, dhidi ya shule moja ya Kitale. Kabla ya mchezo refa, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alipita akikagua kucha. Nikakunja ngumi.

"Fungua."

"Ni chunjua, mwalimu."

Akaushika mkono wangu, akaugeuza. Nyuma yangu nikamsikia kapteni akinong'ona, "Akitolewa huyu tumekwisha."

Sikuwahi kusikia maneno matamu hivyo.

"Mimi nakagua kucha," refa akasema. "Kucha ni fupi. Ingia."

Tulitoshana mabao mpaka mwisho. Wao walikuwa na difenda mrefu kama mlingoti, na dakika ya mwisho mpira uliponifikia, mikono yake ilifunika ringi yote. Sikuona pa kutupa. Nikasimama nao, nikiikumbuka ile amri.

"Nipe!" Alikuwa kapteni, pembeni yangu, mikono wazi. "Nipe bana, unangoja nini?"

Nikampa. Akaudaka kwa viganja vitupu, akaubana kifuani. Difenda akamgeukia, nami nikahama hatua moja. Mpira ukarudi. Nikatupa kama natupia bulugamu, ukapita katikati bila kugusa chuma. Filimbi ikalia.

Sijui nani alinibeba. Najua mkono wa kulia ulivutwa huku na huku na watu wengi hata ukauma, nami sikuufumba. Chunjua zote zilikuwepo bado. Zilikuja kupotea miezi baadaye, wala sikuona zikienda.

Kwenye lori la kurudi kapteni alijibanza kando yangu, akanyoosha mkono wake.

"Sasa?" akasema, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

Nikamsalimia vizuri, kwa nguvu, mpaka akacheka.