Maria Magdalena wa Bangwe

Gauni jekundu nililishona mimi, kwa hiyo lawama sizikwepi. Kwa Pasaka sita Melania alilivaa akiigiza Maria Magdalena katika igizo la kigango chetu cha Bangwe, akapakwa rangi ya mdomo, akalia mbele ya watu kama malaya aliyetubu. Kwa nini yeye, kila mtu alijua. Mumewe alipofariki aliuza pombe Buzebazeba kabla hajaanza kuanika dagaa. Hakuna aliyemwambia usoni. Tulimpa tu gauni. Naona aibu kuandika hivi.

Mwaka huu binti yake, Asnath, alirudi kutoka shuleni analia. Wenzake wanamwita mtoto wa Magdalena. Melania akaniletea gauni limekunjwa.

"Shona mapazia," akasema.

Mzee Dismasi, mwenyekiti wa jumuiya, huigiza Petro, na hujiona Petro hata akienda kununua chumvi. Akaja juu: Melania avae, la sivyo nafasi apewe mwingine. Sasa, jumuiyani tunasoma Injili kwa zamu, kila mtu kipande chake. Alhamisi iliyofuata tulipokutana, Melania akamwachia mzee zamu zote.

"Shikamoo, Mzee. Nionyeshe palipoandikwa kwamba Maria Magdalena alikuwa malaya."

Dismasi akafunua kurasa tukimtazama. Mathayo anamweka akiutazama msalaba kwa mbali, kisha kaburini. Kwa Marko, wanawake wanakimbia kaburi na kunyamaza kwa hofu. Luka anasema alitokwa na pepo saba, tena alimhudumia Yesu kwa mali yake. Kwa Yohane yuko peke yake bustanini, na anatumwa kuwapasha wanaume habari. Yule mwenye dhambi aliyeosha miguu kwa machozi yumo kwa Luka, ila hana jina. Jina tulimbandika sisi.

"Watu wameshazoea," mzee akasema, jasho linamtoka.

"Wamezoea kwa mgongo wangu. Na wa mwanangu."

"Hata Marko anasema walinyamaza!"

"Na Yohane anasema alisema. Mimi naigiza wa Yohane."

Dismasi akatafuta mwanamke mwingine. Alianza na mimi, nikakataa. Akaenda kwa Verediana, kwa Christina, nyumba kwa nyumba mpaka Katubuka, na wote wakamjibu vilevile. Nilifurahi mno, sifichi.

Jumatatu ya Pasaka kanisa lilijaa hadi milangoni. Melania akaingia na kitenge chake cha kazini, kinanuka dagaa, uso mkavu. Akasimama mbele ya Petro.

"Ninyi mlikimbia, mimi nilibaki," akasema. "Yu hai. Nimemwona kwa macho yangu."

Hapo Petro alipaswa kusema hizo ni porojo za wanawake. Dismasi akafungua kinywa, akatutazama kina mama tulivyojipanga mabenchi ya mbele, akakifunga. Ndipo kwenye kwaya ya watoto Asnath akasimama, hakutumwa na mtu, akapaza sauti:

"Mama yangu huyo!"