Trei Asiyoibeba Uweso

Kwa miaka kumi na mmoja Uweso wa Nguvumali alihudumu karamuni katika klabu moja ya gofu pembezoni mwa mji wa Tanga, wala mkono wake haukubeba kileo hata mara moja. Hilo liliwezekana kwa fadhila ya mhudumu mwenziwe, Castory, Mkatoliki aliyezaliwa katika kambi za mkonge. Walikubaliana hivi: meza za Uweso zikihitaji mvinyo, Castory aupeleke, na kila Krismasi na Pasaka, Uweso amshikie zamu ili aende kanisani na mkewe, Beatrisi. Meneja hakujua, kwani kubadilishana meza kulikatazwa.

"Peleka wali wako, shekhe," Castory alikuwa akimtania wakipishana mlangoni mwa jiko. "Dhambi niachie mimi."

"Ukizimwaga, nitakuombea dua!"

Mwaka jana nafasi ya msimamizi wa wahudumu ikawa wazi. Siku ya karamu ya kufunga mashindano, meneja alisimama jikoni mwenyewe, apate kumteua anayefaa. Akaiona trei ya mvinyo imetulia mbele ya Uweso.

"Mbona hii haiendi?"

"Samahani, bosi. Hiyo hunipelekea Castory. Tumezoea hivyo, mwulize, huyu hapa."

Castory alikuwa akipangusa glasi. Hakuinua uso.

"Sijui anasema nini, bosi. Kila mtu na meza zake."

"Castory! Mimi huyu?"

"Beba trei, bwana. Wageni wanangoja."

Meneja akamwambia achague: trei au lango. Uweso akaifungua tai yake, akaikunja, akaiweka mezani. Machozi yalimlenga. Mtu aliyemhifadhia dini yake miaka yote hiyo ndiye aliyemtoa kazini kwa neno moja, ili apate cheo. Na cheo akakipata.

Siku hizi Uweso hupika pilau za harusi. Waliomwuliza kwa nini aliacha klabu aliwajibu kwamba wakati wake ulikwisha. Aliona kuisitiri aibu ya Castory ni haki ya udugu uliokuwapo, hata kama mwenziwe ameuvunja.

Juma lililotangulia Pasaka, akakutana na Beatrisi sokoni.

"Shemeji Uweso! Umetutupa kabisa."

"Nipo, shemeji. Shughuli tu."

Beatrisi akapunguza sauti. "Castory kanieleza. Eti uliwaambia kazini kwamba dini yako haikuruhusu tena kukaa na Wakristo. Ni kweli? Wewe uliyekula ubwabwa kwangu siku ya ubatizo wa binti yetu Devota?"

Uweso akafungua kinywa. Neno moja lingetosha kumsafisha, na neno hilo hilo lingeingia na mwanamke huyu nyumbani mwake, likakaa naye mezani na mumewe. Akakifumba.

"Nisalimie Devota," akasema.

Beatrisi alimngoja aongeze. Alipoona haongezi, akakinyanyua kikapu chake, akaenda zake bila kuaga.